Ndugu wa damu moja, dawa zilezile: kisa cha IRIS kwa mgonjwa wa kifua kikuu na VVU, na swali la jeni

Kisa hiki ni cha kufundishia kuhusu IRIS, yaani hali ya mgonjwa kuzidiwa pale kinga yake inapoanza kuamka. Mgonjwa hayupo kwa jina wala kwa sura, lakini vipimo vyake, mfuatano wa mambo na maswali yaliyoulizwa kando ya kitanda ni ya aina ambayo kila anayehudumia watu wenye kifua kikuu pamoja na VVU atakutana nayo. Tafiti zinazotajwa ni za kweli.

Mwanamume wa miaka 34 alikuja na kikohozi cha wiki sita, homa za jioni, jasho la usiku na tezi zilizovimba upande wa kulia wa shingo. Alikuwa na kilo 52. Hakuwahi kupima VVU. Siku hiyo alipima na kukutwa navyo. CD4, seli za kinga ambazo VVU huziharibu, zilikuwa 38 kwa mikrolita moja ya damu, wingi wa virusi nakala 480,000 kwa mililita, hemoglobini 8.1. Makohozi yalipimwa kwa GeneXpert, kipimo kinachosoma DNA ya bakteria, yakaonyesha bakteria wa kifua kikuu wasio na usugu kwa rifampisini, dawa kuu ya ugonjwa huo. Kipimo cha mkojo cha LAM, kinachotafuta mabaki ya bakteria haohao, nacho kilikuwa chanya, dalili kwamba ugonjwa haukuishia kifuani. Eksirei ilionyesha madoa pande zote mbili na tezi kubwa katikati ya kifua. Antijeni ya kriptokokasi, kuvu inayoshambulia ubongo, haikuonekana, homa ya ini aina ya B haikuwepo, na hakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa kuingia kwenye utando wa ubongo.

Alianzishiwa dawa nne za kawaida za kifua kikuu. Ndani ya wiki mbili homa ikakata, akaanza kula, uzito ukapanda kilo moja na nusu. Siku ya 15 akaongezewa ARV: tenofovir, lamivudini na dolutegravir, hii ya mwisho ikiwa miligramu 50 mara mbili kwa siku kwa sababu rifampisini huharakisha kuvunjwa kwake mwilini.

Siku ya 11 baada ya kuanza ARV homa ilirudi, safari hii ikafika nyuzi 39.4. Tezi ya shingo iliyokuwa na sentimita mbili sasa ilikuwa na sita, ngozi ya juu yake nyekundu na inang'aa, katikati ikibonyea kwa kidole. Alihema akiwa amekaa. Eksirei mpya ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, na maji yalikuwa yamejaa kwenye utando wa pafu la kulia. Halafu majibu ya maabara yakaja: virusi vimeshuka kutoka 480,000 hadi 1,900, CD4 zimepanda kutoka 38 hadi 96. Kwa karatasi, matibabu yalikuwa yanakwenda vizuri sana. Kwa macho, mtu alikuwa anadidimia.

Dada yake ndiye aliyekuwa anamuuguza. Naye anaishi na VVU, na aliwahi kutibiwa kifua kikuu miaka miwili kabla. Aliuliza swali ambalo ndilo kiini cha uchambuzi huu: "Daktari, sisi ni baba mmoja mama mmoja. Mimi nilimeza dawa hizihizi, sikuugua hivi hata siku moja. Mdogo wangu ana nini kwenye damu yake?"

Kabla ya kumjibu, kulikuwa na kazi ya kufanya.

Kwanza kuhakikisha ni IRIS

Hali ya mgonjwa kuwa mbaya baada ya kinga kuanza kuamka inajulikana kwa kifupi cha IRIS, na inapotokea kwa mtu ambaye tayari yuko kwenye dawa za kifua kikuu huitwa IRIS ya kinyume: kinga inapona, mgonjwa anaumwa zaidi. Kuna aina nyingine, ile ya kufichua, ambapo kifua kikuu kilichokuwa kimejificha hulipuka baada ya ARV kuanza. Huyu alikuwa wa aina ya kwanza.

Hakuna kipimo kimoja cha maabara kinachosema "hii ni IRIS". Mwaka 2008 kundi la kimataifa la wataalamu lilichapisha vigezo vinavyotumika mpaka leo, hata mahali ambapo vifaa ni vichache: kifua kikuu kiwe kimethibitishwa au kutambuliwa kabla ya ARV, mgonjwa awe alianza kupata nafuu kwa dawa za kifua kikuu, dalili mpya zitokee ndani ya miezi mitatu ya kuanza ARV, na pawepo ishara kubwa moja (tezi kukua au mpya kujitokeza, eksirei kuharibika, ugonjwa wa ubongo, au maji kwenye utando wa mapafu, moyo au tumbo) au ndogo mbili. Mgonjwa wetu alikuwa na ishara kubwa tatu. Lakini kigezo kizito kuliko vyote ni cha mwisho, nacho ni kuondoa sababu nyingine. Hapo ndipo watu hupotea.

Usugu wa dawa ndio wa kwanza kuogopwa. GeneXpert ilikuwa imesema rifampisini inafanya kazi, lakini haikusema lolote kuhusu isoniazidi, dawa kuu nyingine ya kifua kikuu, kwa hiyo makohozi na usaha wa tezi vilipelekwa kuoteshwa na kupimwa usugu kwa upana. GeneXpert yenyewe haikurudiwa kwa lengo la kuangalia maendeleo. Inasoma DNA, na DNA ya bakteria waliokufa hubaki mwilini kwa muda mrefu. Kipimo kingerudi chanya na kingemtisha kila mtu bure. Usaha ulionyesha bakteria kwenye darubini, ila baada ya wiki kadhaa za kuoteshwa hakuna kilichoota. Hiyo ni picha ya kawaida ya IRIS: mizoga ya bakteria imejaa, na kinga inaipigia kelele.

Vidonge vilihesabiwa, na mgonjwa akaulizwa bila kutishwa kama kuna alivyoruka. Hakuna. Damu iliotesha bakteria? Hapana. Limfoma, yaani kansa ya tezi? Seli kutoka kwenye tezi hazikuonyesha. Kansa ya Kaposi ilitafutwa kwenye ngozi na ndani ya kinywa kwa makini kuliko kawaida, kwa sababu matibabu yaliyokuwa yanafikiriwa ni steroidi, dawa za kutuliza kinga, na steroidi huiongezea nguvu kansa hiyo. Vimeng'enya vya ini vilikuwa sawa.

Baada ya hapo, jina la IRIS liliandikwa kwenye faili.

Kinachotokea ndani

Mtu mwenye CD4 38 ana bakteria wengi mno na askari wachache mno wa kuwakabili. Dawa za kifua kikuu zinaua bakteria, lakini mabaki yao, mafuta ya ukuta wao, protini na DNA, yanabaki kwenye tezi na mapafu. ARV zinaposhusha virusi, seli za T (zikiwemo zile za CD4) zinazomtambua bakteria huyu hurudi kwa haraka na zinakuta mzigo mzima wa mabaki ukiwasubiri. Wakati huohuo kinga ya mstari wa kwanza, yaani makrofaji, neutrofili na seli za NK, huwa imeshachokozwa tayari. Matokeo ni mafuriko ya saitokini, kemikali ambazo seli za kinga hutumia kuitana, kama TNF, IL-6, IL-1β na IL-18, na vimeng'enya vinavyokata tishu vinavyoyeyusha kuta za tezi mpaka usaha utoke.

Utafiti wa vipimo vya shughuli za jeni uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu watakaopata IRIS huwa tayari wanatofautiana na wenzao siku chache tu baada ya kuanza ARV, kabla ya dalili, hasa katika njia za vipokezi vya kinga ya asili na mtambo wa ndani ya seli unaozalisha IL-1β. Nausisitiza utafiti huu kwa sababu mara nyingi unasomwa vibaya. Ulipima jeni zipi zinafanya kazi kwa wakati huo, si jeni zipi mtu alizaliwa nazo. Shughuli ya jeni hubadilika na ugonjwa, CD4, wingi wa bakteria, hata dawa. Swali la dada lilikuwa la pili: alizaliwa na nini?

Alizaliwa na nini

Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushiriki, kwa wastani, nusu ya tofauti za kijenetiki. Wastani huo unaficha mengi. Katika eneo la HLA kwenye kromosomu ya 6, ambako jeni za kutambulisha vimelea kwa seli za T zimekaa kwa kushikamana, uwezekano wa ndugu wawili kufanana kabisa ni asilimia 25, kufanana nusu ni asilimia 50, na kutofanana kabisa ni asilimia 25. Jeni za KIR, zinazoamua jinsi seli za NK zinavyozuiwa au kuchochewa zikikutana na HLA, ziko kwenye kromosomu ya 19 na hurithiwa peke yake bila kufuata HLA. Kwa hiyo mtu anaweza kurithi kufuli kutoka upande mmoja na ufunguo usiolingana nao kutoka upande mwingine. "Damu moja" ya dada na mdogo wake ilikuwa na nafasi kubwa ya kutofautiana pale hasa ambapo IRIS ingeweza kuamuliwa.

Na kuna ushahidi kwamba jeni zina mkono katika jambo hili. Mwaka 2002 watafiti wa Australia waliangalia wagonjwa waliopata magonjwa ya kuamka kwa kinga na kuona kwamba wale ambao tatizo lao lilitokana na jamii ya bakteria wa kifua kikuu walikuwa na mpangilio tofauti katika jeni za TNF na IL-6 ukilinganisha na wale ambao tatizo lao lilitokana na virusi vya jamii ya herpes. Hili lilikuwa jambo zito: lilionyesha kwamba huenda hakuna "jeni ya IRIS" moja, bali kila kimelea kinapitia mlango wake. Baadaye tafiti za India, Kambodia na Brazil ziliendelea kuangalia saitokini, HLA, na KIR. Seli za NK zenyewe zilikuwa zimeshashukiwa kutokana na kazi iliyofanywa Kambodia, ambapo uwezo wao wa kumwaga sumu kabla ya ARV ulionekana kuwa juu kwa waliokuja kupata IRIS.

Ukiwa na matumaini, unasoma orodha hiyo na kuona picha inajengeka. Mimi ninaona vipande vya picha tofauti.

Chukua ile tofauti ya jeni ya IL-6 inayotajwa sana, nafasi ya 174 kabla ya mwanzo wa jeni. Aina ya C ni ya kawaida kwa watu wenye asili ya Ulaya, lakini ni adimu kwa watu wenye asili ya Afrika na Asia ya Mashariki. Matokeo yaliyopatikana kwa kundi moja hayawezi hata kujaribiwa vizuri kwa kundi jingine, achilia mbali kutumika kliniki. Kwa TNF tatizo ni lingine. Jeni hiyo iko katikati ya eneo la HLA, na tofauti zake husafiri pamoja na za jirani zake kizazi hadi kizazi. Unapoona TNF imehusishwa na ugonjwa, hujui kama mhusika ni TNF au jirani aliyeongozana nayo.

Halafu kuna ukubwa wa tafiti. Tafiti nyingi za jeni za IRIS zilichagua jeni chache zinazoshukiwa na kuzipima kwa makumi ya wagonjwa waliopata IRIS. Ukipima tofauti 20 zisizohusika kabisa, ukatumia kiwango cha kawaida cha 0.05, unatarajia moja ijitokeze kwa bahati tu. Ndiyo maana wanaochunguza jenomu nzima hudai ushahidi mkali kiasi cha 0.00000005 kabla ya kuamini. Kundi la wagonjwa 30 wa IRIS haliwezi kufika huko isipokuwa jeni iwe na nguvu ya ajabu. Na namba zinazotoka kwenye makundi madogo hivyo, hatari ya mara 20 au 40, zinapaswa kumtia msomaji wasiwasi badala ya furaha.

Somo la LTA4H

Jeni iliyobeba matumaini makubwa zaidi katika kifua kikuu ni LTA4H, na historia yake inafaa kusimuliwa polepole, maana imekuwa funzo kwa kila anayetaka kuvuka kutoka jeni hadi dawa.

Ilianza kwa samaki wadogo wa milia wanaotumiwa maabara. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba samaki wenye hitilafu katika jeni hii walizidiwa na bakteria wa jamii ya kifua kikuu. Kimeng'enya cha LTA4H hutengeneza lukotrini B4, kemikali inayoita mwako, yaani uvimbe na joto la kinga inapopigana. Kikiwa kidogo, TNF huwa chache na bakteria huzaana ndani ya makrofaji. Mwaka 2012 kundi hilohilo likaonyesha upande wa pili: kikizidi, TNF hufurika, makrofaji hufa na kupasuka, na bakteria hutoka nje kwa uhuru. Kuzidi na kupungua, yote yanaua. Kwa binadamu, tofauti moja katika eneo la kuwasha jeni hii inagawa watu kuwa CC, CT au TT, na TT ndio wenye mwako mwingi. Wagonjwa wa Vietnam wenye kifua kikuu cha utando wa ubongo waliokuwa TT ndio walioonekana kunufaika na deksamethasoni, aina ya steroidi.

Hapo ndipo kila mtu alipoona mlango umefunguka: pima jeni, mpe steroidi mwenye mwako, mwache asiye nao. Utafiti mkubwa zaidi wa Vietnam uliochapishwa 2017 uliunga mkono hoja hiyo, ila kwa wasio na VVU. Kwa wenye VVU uhusiano haukuonekana. Mwaka huohuo, utafiti wa wagonjwa zaidi ya 600 wa Indonesia haukuuona uhusiano huo kabisa. Na mwaka 2023 jaribio lililofanywa Vietnam na Indonesia kwa watu wazima 520 wenye VVU na kifua kikuu cha utando wa ubongo lilitoa jibu gumu: ndani ya miezi 12 walifariki asilimia 44.1 ya waliopewa deksamethasoni na asilimia 49.0 ya waliopewa dawa bandia (isiyo na tiba ndani yake, ya kulinganishia tu), tofauti isiyotosha kusema steroidi iliwasaidia.

Jeni nzuri, utaratibu wa kibiolojia unaoeleweka, matokeo kwa binadamu, na bado VVU vilipoingia picha ilibadilika. Inaingia akilini. Kwa mtu mwenye CD4 38, kinachoamua mwako si mpangilio wa LTA4H peke yake; ni idadi ya bakteria, ukosefu wa seli za kudhibiti, na kasi ya kinga kurudi. Jeni inanong'ona mahali ambapo VVU vinapiga ngoma.

Mfano wa jeni iliyofika kliniki

Ili nisionekane nabeza sayansi hii, kuna jeni ambayo imeokoa watu katika huduma hiihii ya VVU. HLA-B*57:01 huandamana na mzio mkali wa dawa ya abakaviri. Jaribio lililochapishwa 2008, lenye wagonjwa 1,956 kutoka nchi 19, lilipima jeni hiyo kwa nusu yao kabla ya kuwapa dawa. Mzio uliothibitishwa ulikuwa asilimia 2.7 kwa wasiopimwa na sifuri kwa waliopimwa. Sifuri.

Tofauti iko wapi? Jeni moja, dawa moja, utaratibu mmoja, na uamuzi ulio wazi: mwenye nayo asipewe abakaviri, apewe nyingine. IRIS haina hata kimoja kati ya hivyo. Tuseme IRIS inawapata watu 18 kati ya 100 wanaoanza ARV wakiwa kwenye dawa za kifua kikuu, kiwango kilicho karibu na kile kilichopatikana tafiti nyingi zilipojumlishwa pamoja. Tuseme pia kuna jeni ya kufikirika ambayo watu 20 kati ya 100 wanayo na inaongeza hatari mara mbili, ambayo kwa jeni ya kawaida ni nguvu kubwa. Hesabu inatoa hivi: wasio nayo watakuwa na hatari ya asilimia 15, wenye nayo asilimia 30. Kati ya wagonjwa 18 wa IRIS, 12 watatoka kwa wasio na jeni hiyo na 6 tu kwa wenye nayo. Na kati ya wenye nayo 20, 14 hawataugua. Kipimo hicho kingewakosa theluthi mbili ya wagonjwa na kuwaogopesha bure wengi kuliko kitakaowapata. Hapo tumechukulia kwamba jeni yenyewe ni ya kweli.

Jibu alilopewa dada

Faili lake la zamani lilitafutwa. Alipoanza ARV alikuwa na CD4 310, kifua kikuu chake kilikuwa cha mapafu tu, na alikuwa amekaa kwenye dawa za kifua kikuu wiki saba kabla ya kuongezewa ARV. Mdogo wake alianza na CD4 38, ugonjwa ulioenea, na pengo la wiki mbili. Mambo matatu yanayotabiri IRIS kwa uthabiti kuliko jeni yoyote iliyowahi kutajwa, yaani CD4 ya chini, bakteria wengi waliosambaa, na muda mfupi kati ya matibabu mawili, yote yalikuwa upande wa mdogo wake.

Aliambiwa hivyo, kwa maneno ya kawaida: "Dada, inawezekana jeni zenu zinatofautiana, na inawezekana zinachangia. Lakini wewe ulikuja mapema, yeye alikuja amechelewa. Hilo peke yake linatosha kueleza tunachokiona." Aliuliza kama basi ARV ziliharakishwa kimakosa. Swali hilo ni zuri, na jibu lake ni hapana. Jaribio la Kambodia lililochapishwa 2011, kwa watu 661 wenye CD4 zisizozidi 200, wengi wao zikiwa chini sana, lililinganisha kuanza ARV baada ya wiki mbili na baada ya wiki nane. Walioanza mapema walipata IRIS zaidi ya mara mbili ya wenzao, na bado waliofariki walikuwa wachache: asilimia 18 dhidi ya 27. IRIS inatesa, kuchelewa kunaua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema ARV zianze ndani ya wiki mbili, isipokuwa kwa kifua kikuu cha utando wa ubongo, ambako mwako ndani ya fuvu hauna nafasi ya kupanuka.

Hili ndilo linalonitia hofu kuhusu mazungumzo ya jeni yakiingia kliniki kabla ya wakati wake. Mgonjwa akiambiwa "una jeni ya hatari", mtoa huduma mwenye woga atachelewesha ARV wiki chache "kwa usalama". Kwa mtu mwenye CD4 38, wiki hizo ni ghali.

Kilichoweza kufanyika mapema hakikuhitaji kipimo cha DNA. Jaribio la Afrika Kusini lililochapishwa 2018 lilichukua watu 240 wenye CD4 zisizozidi 100 wanaoanza ARV ndani ya siku 30 za dawa za kifua kikuu, likawapa nusu yao prednisoni, aina ya steroidi, miligramu 40 kwa siku kwa wiki mbili, kisha 20 kwa wiki mbili. IRIS ilitokea kwa asilimia 46.7 ya waliopewa dawa bandia na asilimia 32.5 ya waliopewa prednisoni, bila ongezeko la maambukizi makali. Mgonjwa wetu angefaa: hakuwa na Kaposi, hakuwa na homa ya ini B, alikuwa ameonyesha nafuu, na bakteria wake hawakuwa sugu kwa rifampisini. Taarifa iliyohitajika ilikuwa kwenye karatasi ya CD4 ya siku ya kwanza. Kukinga kwa namna hiyo hakukuwa mazoea ya mahali alipotibiwa, na naona ni jambo la kubadilisha.

Hata hivyo, namba hizo zina swali ndani yake ambalo jeni huenda zikalijibu siku moja. Karibu theluthi moja ya waliopewa prednisoni bado walipata IRIS. Na zaidi ya nusu ya waliopewa dawa bandia, wote wakiwa na CD4 za chini kabisa, hawakuipata. Ukishaondoa CD4, wingi wa bakteria na muda, kinachobaki ndicho eneo halali la jenetiki. Utafutaji ufanyike hapo, ndani ya watu wanaofanana kwa mambo makubwa, wala si kwa kulinganisha mwenye CD4 38 na mwenye 310.

Matibabu

ARV hazikusimamishwa, dawa za kifua kikuu ziliendelea. Alianzishiwa prednisoloni, steroidi ya jamii ileile ya prednisoni, miligramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito, yaani 80 kwa siku, kwa wiki mbili, kisha 40 kwa wiki mbili. Dozi hiyo ilithibitishwa katika jaribio la Afrika Kusini la 2010, ambapo ilipunguza siku za kulazwa na idadi ya taratibu kama kutoboa na kunyonya maji. Si kubwa kama inavyoonekana, kwa kuwa rifampisini huufanya mwili uivunje prednisoloni kwa kasi. Tezi ilinyonywa kwa sindano iliyopitishwa kwenye ngozi nzima ya pembeni, kamwe si pale katikati palipokuwa pembamba, ili isiache tundu linalovuja kwa miezi. Ulitoka usaha mililita 35, mzito, wa rangi ya maziwa ya mgando. Maji ya pafu yalinyonywa mara moja.

Homa ilikata siku ya tatu. Dozi iliposhushwa hadi 40 tezi ilijaa tena na joto likapanda kidogo, jambo linalotokea mara kwa mara na linalomfanya mgonjwa aamini kwamba dawa zimeshindwa. Ilinyonywa mara ya pili, dozi ikashushwa polepole kwa wiki nne za ziada, sukari ya damu ikifuatiliwa kila alipofika kliniki. Majibu ya usugu ya makohozi yalirudi safi kwa rifampisini na isoniazidi. Mwezi wa sita virusi havikuonekana, CD4 zilikuwa 171, na uzito kilo 61.

Kabla ya kuruhusiwa aliombwa kutoa mililita chache za damu kwa ajili ya DNA ya utafiti. Alikubali, baada ya kuuliza kama majibu yake yatamfikia dada yake na watoto wake bila ridhaa yake. Fomu ilikuwa haisemi chochote kuhusu hilo. Kifungu kikaongezwa kabla hajatia saini. Kwenye bahasha ya sampuli, pamoja na namba ya siri, viliandikwa CD4 ya siku ya kwanza, wingi wa virusi, matokeo ya LAM, siku zilizopita kati ya dawa za kifua kikuu na ARV, na tarehe ambayo homa ilirudi.